Yule Niliyemwazima Kizuizini

Siku tulipoonyesha filamu yetu mjini Columbus, huku Marekani, katika ukumbi wa chini wa kanisa, mwanamke mmoja aliinuka kabla taa hazijawashwa, akapita katikati ya viti, akasimama mbele yangu na kuniuliza mwanawe nilimpeleka wapi. Waliokaa karibu walidhani amechanganya mchezo na mambo ya kweli. Wawili walimshika mkono kwa upole ili wamrudishe kitini. Walikosea. Katika ukumbi ule mzima, yeye ndiye aliyekuwa ameielewa filamu kuliko wote, hata kuliko mimi niliyeicheza.

Nimeanza na hilo ingawa ninyi mliniomba jambo jingine. Mlikuja hapa kwangu Shively, vijana saba, mkajibana kwenye makochi na wengine chini, mkanywa chai yote, mkasema mnataka kulifufua kundi letu la maigizo, na kwamba watu wema mnao wa kutosha ila hamna mtu wa kumcheza mkatili. Mkataka nije mazoezini niwafundishe. Nilikataa, nikaahidi kuandika. Mmoja wenu akaniuliza kwa Kiingereza kama nitaandika kwa Kiingereza. Hapana. Someni polepole, na neno likiwashinda waulizeni mama zenu.

Miaka ishirini na mbili nimekuwa mtu mbaya. Nimekuwa jambazi, nimekuwa baba mkwe anayemfukuza mjane, nimekuwa mganga mwongo mara tatu, Herode kila Krismasi, na komanda mara nyingi kuliko nguo zangu za kikomanda zilivyoweza kustahimili. Sijawahi hata siku moja kucheza mtu mwema. Niliwahi kuomba. Nilipewa kumcheza Yosefu, mume wa Maria, na kwenye mazoezi ya kwanza yule binti aliyekuwa Maria aliangua kilio.

Kwetu Kivu, tulipokuwa watoto, kila filamu ilikuwa na watu wawili tu: akteri na shefu-bandi. Akteri ndiye mwema, naye hafi. Shefu-bandi ndiye mbaya, hufa mwishoni, na kufa kwake ndiko ruhusa ya watu kwenda nyumbani. Parokia yetu ilikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu, na padri alikuwa na mikebe michache ya filamu za zamani za Marekani, zisizo na rangi, ambamo wanaume wenye kofia na makoti marefu walitazamana katika moshi wa sigara. Katekista alisimama kando ya shuka jeupe akitueleza kwa Kiswahili kinachosemwa, na kwa kuwa hakujua Kiingereza, alibuni. Wenzangu walimpenda akteri. Mimi nilimtazama yule mwingine. Uso wake ulikuwa kama jiwe la kusagia. Hakupaza sauti hata mara moja. Alipoingia chumbani, wengine ndio waliobadilika: mmoja aliacha kutafuna, mwingine aliweka glasi mezani, mwanamke alishika mkufu wake. Yeye alibaki alivyo. Nilikuwa na miaka minane, na nililiona hilo kabla sijajua kusoma vizuri.

Huo ndio msingi wa kazi yote, na ningeweza kuishia hapo. Ukali haukai kwa mkali. Unakaa kwa wanaomtazama. Mkiwa na shefu-bandi hodari na wengine wanaomwogopa kivivu, mna mtu mmoja anayenuna tu. Lakini mkiwa na wasichana wawili wanaojua kuacha maneno yao katikati anapoingia, hata mwanasesere ataogopwa.

Aliyenifundisha kuitumia elimu hiyo ni Mwalimu Bahati, tuliyekuwa naye katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mashirika yalitaka maigizo ya kufundisha watu kunawa mikono, kupeleka wasichana shule, kutopiga wake. Kila igizo lilihitaji asiyenawa mikono, asiyepeleka msichana shule, anayepiga mke. Mwalimu alinitazama siku ya kwanza, akazunguka kunitazama kwa nyuma, akasema, "Wewe una uso wa mtu aliyekwisha kuamua." Nikapewa kazi zote hizo kwa wiki moja.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, aliyevaa tai hata kwenye foleni ya maji. Alikuwa na njia yake ya kumwandaa mwigizaji, aliyoiita kuazima. Hatukuruhusiwa kubuni mtu kutoka hewani. Ilikuwa lazima twende sokoni, kwenye foleni ya maharage, kanisani, tutazame watu, na kurudi na kitu mkononi: mwendo wa huyu, kicheko cha yule, namna mwingine anavyojikuna akidanganya. Kisha alituhoji kama polisi. Huyu kicheko chake kinaanzia puani au tumboni? Huyu akiketi anashika goti gani? Ukijibu "sikuangalia," alikurudisha sokoni.

Na palikuwa na mwiko. Kwa mtu mmoja uazime kitu kimoja tu. Mguu kwa huyu, mkono kwa yule, sauti kwa wa tatu. "Usimchukue mtu mmoja kutoka kichwani mpaka kisiginoni," alisema. "Kambi ni ndogo. Dunia nayo ni ndogo. Atatambuliwa, na watakaomtambua si wewe utakayewachagua." Sisi tulidhani anaogopa ugomvi, kwa sababu kweli siku moja muuza dagaa alijitambua katika igizo la wasionawa mikono, akaja na wanawe wanne. Mwalimu amekufa sasa. Sijui kama yeye mwenyewe alijua mwiko ule ulikuwa na kina gani.

Tulipofika Louisville, nilidhani mambo hayo yamekwisha. Nilipata kazi katika ghala moja kule Jeffersontown, kufunga maboksi na kuyapanga juu ya paleti, zile chaga za mbao za kubebea mizigo. Kisha Esperance akanipata. Wengi wenu mnamjua kama mama mnene anayeimba alto. Wakati huo alikuwa mwembamba, anahudumia wazee kwenye makao yao kuanzia alfajiri, na akitoka huko anaongoza kundi la maigizo katika chumba cha mikutano cha nyumba za kupanga pale Newburg. Mwenye nyumba alidhani ni kikundi cha maombi. Hatukumsahihisha, kwa kuwa tulianza kwa sala na tulimaliza kwa sala.

Nitawasimulia makosa mawili madogo kabla ya lile kubwa.

Mimi ni mfupi. Jukwaani hilo si neno, lakini kwenye kamera nilipomkemea akteri wetu, kijana mrefu kutoka Fizi, nilionekana kama ninaongea na kifungo cha shati lake. Watu walicheka. Nilimweleza mzee mmoja Mmarekani tuliyekuwa tunafanya naye kazi ghalani, naye akacheka zaidi. Aliniambia kwamba wale wanaume wagumu wa filamu za zamani, wengi wao walikuwa wafupi kama mimi, na walisimamishwa juu ya masanduku huku wanawake wakivuliwa viatu. Niliumia kidogo. Miaka yote nilidhani yule bwana wa kwenye shuka la parokia alikuwa mnara. Hata hivyo nilichukua paleti mbovu, nikaiomba kwa msimamizi, na tangu siku hiyo nimekuwa mrefu katika filamu zote. Tahadhari moja: ukisimama juu ya paleti usirudi nyuma kwa hasira.

Kosa la pili nusura litugharimu maisha. Tulikuwa tunarekodi kipande cha askari kwenye maegesho ya magari, Newburg, mchana wa Jumamosi. Nilikuwa na kipande cha mti nilichokizungushia utepe mweusi, na kwa mbali kilikuwa bunduki hasa. Nikawapanga vijana sita ukutani mikono juu. Hakuna aliyewaza kwamba majirani wana madirisha. Polisi walifika kwa magari manne. Namshukuru Mungu kwa binti wa Esperance, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, aliyetangulia mbele mikono juu akisema kwa Kiingereza safi kwamba sisi ni waigizaji, na kwamba hata si wazuri sana. Tuliachwa. Jioni Esperance akaniambia, "Donc, Komanda, toka leo unatutisha na mdomo. Silaha basi."

Ndivyo nilivyobaki bila silaha, na ndipo lile kosa kubwa lilipoingia. Mkatili asiye na bunduki anahitaji kitu kingine. Esperance alikuwa ameandika filamu ya mama anayemtafuta mumewe vitani, na ndani yake palikuwa na kizuizi cha barabarani, kile tunachokiita bariera. Nilicheza mara nne, mara tano, kwa vipande nilivyokuwa navyo, mguu wa huyu na kikohozi cha yule. Kila mara Esperance aliniambia nirudie. Mwisho alisema, "Bon. Unaogopesha batoto. Mie naomba uniogopeshe mie."

Mimi nilikuwa naye mtu huyo kichwani. Nilikuwa naye miaka yote na sikuwahi kumgusa.

Tulipokuwa tunakimbia, mimi na mke wangu, tulisimamishwa kwenye bariera katika barabara inayoshuka kutoka milimani kwenda ziwani. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu Riziki, tumbo limeshatangulia mbele. Waliokuwa katika msafara wetu walitenganishwa: wazee na wanawake upande huu, vijana wa kiume upande ule. Komanda wa pale hakuwa na bunduki. Wengine walikuwa nazo, yeye alikuwa na muwa, anaumenya kwa kisu kidogo, na ukimfikia anakukatia kipande kama mgeni. Alizungumza taratibu. Alimuuliza kila kijana jambo moja tu: "Mama yako anaitwa nani?" Kijana akitaja, yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemjua huyo mama, akasema, "Bon. Tutamusalimia. Tutamwambia uko ku kazi." Kisha alionyesha kwa kidole gumba pa kwenda. Aliponifikia mimi alitazama tumbo la mke wangu, akanipa kipande cha muwa, akasema tupite. Nilikula ule muwa. Nilikuwa na njaa.

Siku ile Newburg nilimleta mzima. Muwa, kisu, ile sauti ya mtu anayebembeleza, kidole gumba, swali, na salamu kwa mama, neno kwa neno. Wakati Esperance aliposema kata, vijana hawakushusha mikono. Esperance hakunipongeza. Alikuja, akanivua kofia, akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hajawahi kulitumia kabla wala baada.

Sitawadanganya: nilifurahi. Nilijua kwamba ile ndiyo kazi bora ya maisha yangu. Tuliionyesha hapa Shively. Kwenye duka la vyakula, akina mama walianza kuwatishia watoto wao kwa jina langu. Wazee wa kanisa waliniita, wakaniuliza kama roho yangu iko salama, wakaniombea kwa saa nzima, na mmoja wao wakati wa kutoka aliniomba kwa siri nimsemee kwa mwanawe asiyetaka kwenda shule. Nilienda. Kijana hajakosa shule tena.

Kisha tukaenda Columbus.

Mama aliyesimama anaitwa mama Nabintu. Nabintu ni jina lake mwenyewe, si la mtoto, nalo kwetu milimani unalikuta kila nyumba ya tatu. Alikuwa na bintiye Solange, muuguzi, aliyekuwa akimvuta shali na kumwambia kwa Kiingereza kwamba ni filamu tu, Mama, tuketi. Niliinuka. Nikasema kile tunachosema siku zote, kwamba ni mchezo, na pole.

"Hapana muchezo," alisema mama Nabintu. Hakupaza sauti. "Ile neno ya kusalimia, mie niliisikia ku mulango yangu. Mutu alikuja, simujue, akaniita na jina, akasema mutoto wako anakusalimia, eko ku kazi. Nani alikuambia ile neno?"

Nilimwomba tutoke mbele za watu. Tulikwenda chumba cha watoto cha kanisa, kwenye viti vidogo, magoti yakitufika kidevuni. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kulia, akiuliza kwa utaratibu: ilikuwa kabla ya mvua au baada? Barabara ya juu au ya chini? Kila jibu lilizidi kumkaribia mwanawe. Mwanawe, Akonkwa, alikuwa ameondoka nyumbani wiki ile ile kwa njia ile ile. Alikuwa na miaka kumi na saba. Yule mtu wa salamu alikuja siku tatu baadaye. Baada ya hapo hakuna kilichokuja, si barua wala mfupa.

Aliniuliza vijana walikuwa wangapi. Nikasema saba, labda wanane. Aliniuliza kama wote walipandishwa kwenye gari, kama katika filamu. Katika filamu tuliwapandisha wote kwenye pikapu ya shemeji yake Esperance, kwa sababu pikapu ilikuwepo na msitu haukuwepo. Ukweli ni kwamba wengine walipanda lori na wengine waliteremshwa kwa miguu bondeni. Nikamwambia. Sikuhitaji kumweleza zaidi, maana tofauti hiyo kwetu kila mtu anaijua. Kati ya waliopandishwa malori miezi ile, wapo waliorudi. Wengine walionekana machimboni, mmoja alipatikana hai baada ya miaka. Walioteremka bondeni hakuna aliyewahi kuleta habari zao.

"Akonkwa alipanda ao aliteremuka?" aliniuliza.

Wanangu, mimi ni mtu anayetazama. Ndiyo kazi yangu, nilifundishwa kambini na mwalimu aliyenirudisha sokoni mara kumi kwa ajili ya goti. Ninaweza kuwaambia yule komanda alishika kisu kwa vidole vingapi. Kidole chake gumba nakikumbuka mpaka ukucha, ulikuwa umepasuka upande. Lakini kidole kile kilikuwa kinamwelekeza nani upande upi, hilo sikulifuata. Nilimtazama mwenye nguvu tangu mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyomtazama yule wa kwenye shuka la parokia. Sikumtazama hata kijana mmoja usoni. Mke wangu, ambaye angeweza kunisaidia, alikuwa amefumba macho akisali, na sikuwahi kumlaumu kwa hilo. Yeye alikuwa na sababu.

Nilimwambia mama Nabintu kwamba filamu haitaonyeshwa tena. Onyesho la mji wa Buffalo lilikuwa limeshatangazwa. Nilisema nitampigia Esperance aahirishe, au angalau akate kile kipande. Nilidhani ninamfanyia heshima. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja sufuria na sasa anataka kuficha vipande.

"Usikate kitu," alisema. "Uende uionyeshe. Mie nilisimama huku. Labda kule mwengine atasimama."

Basi tulikwenda Buffalo wote. Solange aliendesha, mama yake mbele, mimi na Esperance nyuma. Ilikuwa majira ya baridi, theluji imesukumwa kando ya barabara kama kuta. Karibu na Buffalo mama Nabintu aliniuliza kama wazazi wangu wangali hai. Nikasema hapana. Akasema afadhali, na sikuelewa kama alinihurumia au alinisuta.

Filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada. Watu walikuwa wengi, Wakongo, Warundi, na Watanzania wachache waliokuja na sambusa. Mama Nabintu alikataa kukaa pamoja nasi. Alichukua kiti, akakiweka mbele kabisa, kando ya skrini, akakigeuza. Alikaa ameipa filamu mgongo, akiwatazama watu.

Nimeonyesha maigizo mbele ya umati mkubwa na sijawahi kuona kitu kama kile. Watu walidhani ni desturi ya kundi letu. Ilipofika bariera, nami nikasikika nikiuliza mama yako anaitwa nani, sikuitazama kazi yangu, nilimtazama yeye. Macho yake yalipita mstari kwa mstari kama mtu anayesoma. Yakasimama. Safu ya nne, pembeni, mwanaume wa makamo mwenye koti la kazi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kikagusa kiti cha mbele, na mikono ameiweka kisogoni.

Mama Nabintu hakumsubiri ainue kichwa. Alikwenda akaketi karibu naye, na wakabaki hivyo mpaka filamu ikaisha.

Aliitwa papa Mugisho. Alitupeleka nyumbani kwake, juu ya ngazi nyembamba, mkewe akatupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo bila kuuliza sisi ni nani. Alikuwa katika msafara ule ule. Yeye na mimi hatukukumbukana. Alikuwa ameadhibiwa pale bariera kwa kujibu vibaya, akalazwa kifudifudi kando ya njia, buti juu ya shingo. Ndiyo maana hakupelekwa na wenzake. Walimsahau, au walimwacha makusudi, hajui.

"Mie sikuona mutu," alisema. "Uso yangu ilikuwa ku udongo. Lakini masikio walisahau kuniziba."

Alikuwa amesikia majina ya akina mama, yote. Alituambia kwamba kwa miaka mingi ameyasema kila asubuhi kabla ya kuamka, kama rozari, kwa sababu hakujua majina ya vijana wenyewe na aliona lazima mtu awataje kwa namna fulani. Aliyasema pale mezani, kwa mpangilio, na baada ya kila jina alisema neno ambalo komanda alilitamka. Neno hilo mimi sikulikumbuka kabisa. Nilikumbuka kidole tu. Lilikuwa ama "panda" ama "shuka."

"Furaha, panda. Cibalonza, panda. Nabintu, panda."

Solange alishika mkono wa mama yake. Mama mwenyewe hakusogea, kwa sababu papa Mugisho alikuwa hajamaliza.

"Mapendo, shuka. Esther, panda. Nabintu, shuka. Vumilia, shuka."

Esperance aliinuka akaenda dirishani. Mama Nabintu aliomba yarudiwe, yakarudiwa, na mpangilio ulikuwa ule ule. Nabintu wawili. Aliuliza kuhusu sauti: ile ya kwanza ilikuwa nzito au nyembamba? Papa Mugisho alifumba macho, akajaribu kwa uaminifu, na akasema kwamba walikuwa wakinong'ona, na kunong'ona hakuna sauti ya mtu.

Kisha mama Nabintu alinigeukia mimi. Nilijua atanigeukia. Alisema kwamba Akonkwa alitoka nyumbani amevaa sweta ya kijani ya dada yake, fupi mikononi, kwa kuwa ilikuwa baridi na yake ilikuwa haijakauka. Mtu yeyote mwenye macho angeiona.

"Huyu alikuwa chini," alisema. "Weye ulikuwa umesimama. Ya sweta ya kijani, alikuwa wa kwanza ao wa pili?"

Nilijaribu. Bado ninajaribu, ndiyo sababu siji mazoezini, na ndiyo sababu tangu Buffalo sijacheza tena. Ninakaa hapa Shively, ninafumba macho, ninarudi barabarani, ninalazimisha kichwa changu kigeuke kushoto walipokuwa vijana, na kila mara ninachokiona ni muwa, kisu, na yule mtu akitabasamu. Wakati mwingine ninaona kijani, lakini sijui kama ni sweta au ni majani ya muwa, na sikumwambia mama Nabintu, kwa sababu akiniuliza ni upande gani sitakuwa na la kumjibu.

Hunipigia simu Jumapili. Hanilaumu. Huniuliza tu kama nimekumbuka, nami humwambia bado. Kati ya vijana wawili waliomtaja mama aitwaye Nabintu, mmoja alipanda lori, na mwingine aliteremka bondeni kwa miguu. Aliyevaa sweta ya kijani ni yupi kati yao, hatujui.